Mikato ya kibodi kwa anayeshinda akijaza fomu mtandaoni

Kazi yangu ni kujaza fomu za watu. Nina steshenari Morogoro yenye kompyuta nne, na saa mbili asubuhi benchi limeshajaa: huyu anaomba mkopo wa chuo, yule anaomba kazi, mwingine anafuatilia leseni ya biashara. Kila mmoja ana bahasha ya vyeti na anaangalia saa. Jioni nafundisha vijana kompyuta kwenye mashine hizohizo. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mbona kwako kurasa zinafunguka haraka, na intaneti ni hii hii tunayotumia sisi?"

Intaneti ni moja kweli. Tofauti iko mikononi. Anayetegemea kipanya, kwa kila jambo dogo hutoa mkono kwenye kibodi, hutafuta kishale kwenye skrini, hukisogeza, hulenga, hubofya, kisha hurudisha mkono na kutafuta tena alipoishia. Kinachonisumbua zaidi si zile sekunde, ni macho. Yakishatoka kwenye cheti unachonakili, yanarudi kwenye mstari mwingine, na mwaka wa kumaliza shule unaingia penye mwaka wa kuzaliwa. Fomu ya aina hiyo hurudi baada ya wiki, na mwenye nayo alishapanda basi kurudi kijijini.

Dawa yake ni mikato, yaani vitufe unavyobonyeza pamoja badala ya kushika kipanya. Lakini simpi mwanafunzi karatasi yenye mikato hamsini. Nampa mmoja, autumie wiki nzima mpaka vidole viuzoee, ndipo tunaongeza mwingine.

Wa kwanza ni Ctrl+L. Bonyeza hivyo vitufe viwili popote ulipo kwenye ukurasa, na anwani iliyo juu itachaguliwa yote, tayari kufutwa na chochote utakachoandika. Alt+D hufanya kazi ileile kwenye Windows. Uko katikati ya fomu, mteja anauliza ada ni kiasi gani: Ctrl+L, andika unachotafuta, kisha badala ya Enter peke yake bonyeza Alt+Enter. Jibu linafunguka kwenye kichupo kipya na fomu yako inabaki ilivyokuwa. Hiyo Alt+Enter imeniokolea fomu nyingi, kwa sababu wengi hutafuta juu ya ukurasa uleule waliokuwa wakijaza, halafu wanashangaa kazi imekwenda wapi. (Kichupo ni jina ambalo Chrome ya Kiswahili imeupa ule mkia wa ukurasa unaokaa juu ya dirisha. Nimelizoea na ninalipenda.)

Utasikia watu wakisifia Ctrl+Enter, inayojaza www mbele na .com nyuma ya neno uliloandika. Ni kweli inafanya hivyo, lakini kwa sisi tunaoshinda kwenye anwani za .go.tz na .ac.tz haitufai sana. Kinachotusaidia ni kumbukumbu ya kivinjari chenyewe, yaani programu ya kufungulia kurasa kama Chrome au Firefox: andika herufi mbili tatu za tovuti unayoitembelea mara kwa mara, ishuke kwenye orodha, chagua kwa mshale wa chini, Enter. Na kama kuna anwani uliyowahi kuikosea herufi na kila siku inajileta, kwenye Chrome iteremkie kwa mshale halafu bonyeza Shift+Delete. Inaondoka.

Sasa tuje kwenye fomu yenyewe, maana hapa ndipo siku yangu inapoishia.

Kitufe cha Tab hukupeleka kwenye kisanduku kinachofuata, na Shift+Tab hukurudisha nyuma. Hilo wengi wanalijua. Wasichojua ni kwamba orodha ya kuchagua mkoa haihitaji kufunguliwa kwa kipanya. Ukifika hapo kwa Tab, andika tu. Mikoa inayoanza na M ni mingi: Manyara, Mara, Mbeya, Morogoro, Mtwara, Mwanza. Andika "mt" kwa haraka na Mtwara itajichagua. Haraka nimeisema kwa sababu: ukichelewa kati ya m na t, kivinjari hudhani umeanza neno jipya, kinakwenda kwenye mkoa wa kwanza wenye T, na mtu wako wa Mtwara anakuwa mkazi wa Tabora. Ukishachagua, bonyeza Tab utoke hapo kabla ya kugusa mishale. Kwenye Windows, mshale wa chini ukibonyezwa ukiwa bado juu ya orodha hausogezi ukurasa, unabadilisha mkoa, na kimyakimya. Nimeshakuta fomu tatu kwa siku moja zenye kosa hilo, zote za mtu aliyedhani anateremka kwenda chini.

Kisanduku cha tiki unakitia alama kwa kitufe kirefu cha nafasi. Vile viduara vya "mume" na "mke" unavihama kwa mishale. Enter nayo iogope: kwenye kisanduku cha maandishi, mara nyingi Enter maana yake ni "tuma". Mwaka wangu wa kwanza nilimtumia dada mmoja maombi ya kazi yakiwa hayana hata namba ya simu, kwa mazoea tu ya kubonyeza Enter nikimaliza kila mstari. Alikuwa amesimama pembeni yangu. Hakusema kitu, alikaa tu kwenye benchi. Tangu siku hiyo kidole changu kidogo cha kushoto kinajua Tab.

Kuna kitufe kingine kilichowahi kuumiza watu zaidi ya Enter. Zamani kwenye Chrome, Backspace ilikuwa inarudisha ukurasa uliopita. Unafuta herufi, hujui kwamba umeshatoka kwenye kisanduku, unabonyeza Backspace, na fomu yote imekwenda. Mwaka 2016 Chrome iliiondoa njia hiyo kwa sababu hiyohiyo, watu walikuwa wanapoteza walichoandika. Firefox nayo ikafuata mwaka 2021. Leo kurudi nyuma ni Alt na mshale wa kushoto, vitufe viwili ambavyo huvibonyezi bila kukusudia. Tukio dogo, lakini mimi nakumbuka nyuso za watu kabla yake.

Ukifunga kichupo kwa bahati mbaya, usipige kelele. Ctrl+Shift+T kinarudi, na ukibonyeza tena kinarudi kilichofungwa kabla yake. Kuna mama alikuja na binti yake kuomba mkopo. Binti alikuwa anaandika mwenyewe, akataka kufunga tangazo, akafunga fomu.

"Mwanangu, ndiyo basi tena?" mama akaniuliza.

"Hapana mama, subiri kidogo."

Vitufe vitatu, ukurasa ukarudi, na kwa bahati maandishi mengi yalikuwamo. Nasema kwa bahati kwa sababu si kila tovuti hurudisha ulichoandika. Ukurasa utaupata, yaliyomo huenda usiyapate, kwa hiyo kama tovuti ina kitufe cha kuhifadhi, kitumie kila ukimaliza sehemu.

Lakini mkato huohuo ndio unaonifanya nisilale vizuri. Fikiria mteja amemaliza, amefunga kichupo chake, amelipa, ameondoka. Hakutoka kwenye akaunti, amefunga tu. Anayekaa baada yake akibonyeza Ctrl+Shift+T, anafungua akaunti ya mtu: namba ya kitambulisho, vyeti, barua pepe. Hahitaji ujuzi wowote wa udukuzi. Kwenye kompyuta ya watu wengi, kufunga si kutoka. Kwa hiyo kwangu kila mteja anafunguliwa dirisha fiche: Ctrl+Shift+N kwenye Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Akimaliza nafunga madirisha fiche yote, na vidakuzi vya kazi yake, yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha kwenye kompyuta ili zimkumbuke mtu, vinafutika pamoja nayo. Mafaili aliyopakua hayafutiki. Hayo, kabla ya kufunga dirisha, nayafungulia orodha kwa Ctrl+J, naingia kwenye folda yalipo na kuyafuta mbele yake. Ukiwa na steshenari, nakuomba sana ufanye hivi. Watu wanatuletea maisha yao kwenye bahasha.

Ctrl+F kila mtu anadai anaijua, lakini siku majina ya walioitwa kwenye usaili yanapotoka utaona watu wakiteremsha kurasa mia mbili kwa gurudumu la kipanya. Ctrl+F, andika jina la ukoo, Enter kwenda linalofuata, Shift+Enter kurudi. Majina yenye ritifaa, yale ya ng', huweza kukataa kwa sababu aliyechapa orodha ametumia alama nyingine. Acha ritifaa, tafuta herufi zinazofuata. Na kama hakuna jina lolote linalopatikana, hata lile unaloliona kwa macho, basi faili hilo ni picha iliyoskaniwa. Hapo hakuna mkato, soma tu.

Kuhusu bando: F5 au Ctrl+R hupakia ukurasa upya, kivinjari kikitumia vilivyokwishahifadhiwa pale inapowezekana. Ctrl+Shift+R hushusha kila kitu upya, picha na vyote. Itumie ukurasa ukiwa umeharibika kweli, si kwa sababu ya kukosa subira. Ukurasa mzito unaojivuta wakati maneno unayoyataka yameshaonekana, bonyeza Esc uusimamishe.

Vichupo vikiwa vingi, Ctrl+1 hadi Ctrl+8 hukupeleka kwenye kichupo cha namba hiyo, na Ctrl+9 kwenye cha mwisho, hata viwe ishirini. Mimi fomu naiweka ya kwanza kila mara. Wenye Mac, mikato mingi ya hapa ni ileile ukiweka Command mahali pa Ctrl.

Jambo linalonigusa zaidi kuhusu kibodi nilifundishwa na mteja. Ni mwalimu wa shule, haoni kabisa. Alikuja na laptop yake, akaomba intaneti tu. Nikamwambia, "Mwalimu, nikusomee?" Akacheka, akavaa spika za masikioni. Alikuwa na NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, baadaye akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona. Sauti ya eSpeak NG inayokuja nacho inasoma hata Kiswahili. Akabonyeza H, kichwa cha habari cha kwanza, H, cha pili, H, cha tatu, akaacha. Akabonyeza F, akatua kwenye kisanduku cha kwanza cha fomu. K ingempeleka kwenye viungo. Mimi nilikuwa bado natafuta kwa macho fomu ilipoanzia, yeye ameshaandika jina lake.

Akafika mwisho, akakwama. Kitufe cha kutuma kilikuwa kimetengenezwa kwa namna ambayo kinaitikia kipanya tu. Tab ilikiruka, ikaenda chini, ikarudi juu. Alizunguka mara tatu. "Kijana, hebu nibonyezee," akasema, na nilisikia kwenye sauti yake kwamba haikuwa mara yake ya kwanza kuomba hivyo. Fomu nzima ameijaza mwenyewe bila kosa, halafu aliyeitengeneza akamlazimisha kutafuta mtu wa kugusa mara moja.

Huwa natengeneza tovuti ndogondogo za maduka na shule za hapa mjini. Sasa kabla sijamkabidhi mtu kazi, nachomoa kipanya, nakiweka kwenye droo, na kupita ukurasa wote kwa Tab, Shift+Tab, nafasi na Enter, kuanzia juu mpaka kitufe cha kutuma. Ya wiki iliyopita ilinishinda kwenye menyu ya tatu. Nimeirekebisha leo asubuhi.