Kuinamisha macho si dalili ya uongo

Mtoto katumwa soko la Virunga, hapa Goma, kununua makala ya kupikia. Chenji imepungua faranga 500. Akiulizwa anainamisha macho, na papo hapo anaitwa mwongo. Hapo tunamwonea. Nyumbani amefundishwa kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu. Anachoonyesha ni heshima, au hofu tu.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi: watu wanaoamua nani anadanganya bila msaada wowote hupatia mara 54 kati ya 100. Karibu sawa na kurusha sarafu! Na mwongo mzoefu anaweza kukukazia macho kusudi, kwa kuwa anajua unayaangalia.

Sikiliza maneno. Keti naye pembeni, asimulie bila kukatizwa: alinunua kwa nani, alitoa noti gani, alirudishiwa ngapi. Akisahau jambo dogo, usimkamate nalo. Hata msema kweli husahau. Shika lile linaloweza kuhakikishwa: nenda kwa muuzaji, uliza bei ya leo. Huenda makala yamepanda tangu jana.