Aliyemtesa mtoto akipewa adhabu ndogo, ndiyo basi tena?

Mtu akitiwa hatiani kwa kumchoma mtoto mikono, akalipa faini, jioni yake akaonekana barazani, majirani hapa Mtwara husema: "Hakimu kashaamua, basi tena." Kauli hiyo inaniuma, maana siku zinakwenda watu wamekaa.

Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu akiona adhabu haitoshi. Kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 30, rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za kesi. Siku zinaanza adhabu inaposomwa, si habari inapofika kwa bibi yake mtoto kule Nanjirinji. Jaji naye anaweza kuliitisha jalada bila kusubiri rufaa.

"Basi mama akate rufaa mwenyewe." Kesi ikiwa ya Jamhuri, yaani inayoendeshwa na serikali, mama ni shahidi tu. Aende mapema ofisi ya mashtaka ya mkoa na namba ya kesi, ikiwezekana na afisa ustawi wa jamii. Asilie tu kwamba adhabu ni ndogo. Aulize kama mtoto aliamriwa fidia. Kwa Kanuni ya Adhabu, tangu marekebisho ya 1998, mlezi aliyemfanyia mtoto ukatili hufungwa miaka 5 hadi 15, au hulipa faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, na juu yake fidia. Faini peke yake inaweza kuwa halali, ingawa kwangu kiasi hicho ni aibu. Fidia ikisahauliwa, hapo pana hoja ya rufaa.

"Hakimu kahongwa." Tazameni kwanza hati ya mashtaka. Akishtakiwa kwa katazo la kumtesa mtoto katika Sheria ya Mtoto ya 2009, ukomo ni miezi 6 jela, faini ya shilingi milioni 5, au vyote. Hata jaji havuki hapo.

"Jaji ataongeza tu." Hapana. Kesi ya Ogalo ya 1954, ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, bado hufuatwa: haitoshi jaji kuona yeye angetoa adhabu nyingine. Lazima hakimu awe amekosea misingi, ameacha jambo zito, au adhabu iwe haiendani kabisa na kosa. Na mshtakiwa husikilizwa kabla ya kuongezewa.

Aliyefungwa naye akikata rufaa akitumaini nafuu, ajue adhabu inaweza kupanda.