Jina Limekatwa: Yanayosemwa Ngamiani na Sheria Inavyosema

"Hela ya serikali ni hisani, ikikatwa utamwambia nani?" Maneno haya nayasikia Ngamiani na Makorora, mitaa ya Tanga, kila mtu mwenye ulemavu anapokuta jina lake halimo kwenye orodha ya malipo. Yananiuma, kwa sababu anayeyaamini hurudi nyumbani akanyamaza.

Dhana hii ina mzizi. Ibara ya 11 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inataja haki ya kusaidiwa wakati wa uzee, maradhi na ulemavu, lakini Ibara ya 7(2) inazuia mahakama kuisimamia. Wengi husoma hadi hapo. Wasome na Ibara ya 13(6)(a): haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, lazima asikilizwe kwa ukamilifu, naye anaweza kukata rufani au kutafuta nafuu nyingine ya kisheria. Kwa hiyo hata pale usipoweza kuilazimisha serikali ianzishe posho, unaweza kuhoji namna ilivyokukatia. Je, uliambiwa sababu? Uliitwa ukajieleza?

"Nimeshamwambia mtendaji, nasubiri." Hili ndilo linalowaponza watu kuliko yote. Neno la mdomo halina tarehe. Andika barua, omba sababu kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukitaka Mahakama Kuu ifanye mapitio, yaani ifute uamuzi au imwamuru ofisa atimize wajibu wake, sharti uombe kibali kwanza, tena ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa. Mahakama itauliza pia kama ulitumia ngazi za rufani zilizopo. Kata rufani mapema, huku ukihesabu miezi.

"Serikali haiguswi mpaka siku 90 za notisi ziishe." Siku 90 ni za kesi ya madai, kama fidia, chini ya Sura ya 5 ya sheria zetu, yaani sheria ya mashauri dhidi ya serikali; tangu 2020 zinahusu na halmashauri, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Mapitio ni njia nyingine. Anayezichanganya huketi akisubiri, na nusu ya miezi yake 6 inakwisha bure.

"Kila mtu apambane peke yake." Kule Eastern Cape, Afrika Kusini, serikali ya jimbo ilikatia watu wengi ruzuku za ulemavu bila taarifa, ikitaka waombe upya. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufani ya huko ilikubali washtaki kwa pamoja, katika shauri la Ngxuza. Kwetu, Amri ya 1 Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu wachache wafungue kesi kwa niaba ya wenzao wenye dai moja, kwa ruhusa ya mahakama. Mtaa mzima ukifutwa siku moja, hilo lifikiriwe.

Kuhusu gharama: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hawaruhusiwi kukutoza. Watakusaidia kuandaa karatasi. Kusimama mahakamani ni kazi ya wakili.

Unapokwenda kwao, chukua kadi yako, ujumbe wa malipo ya mwisho kwenye simu, na tarehe uliyoambiwa jina limetoka. Hata kama umeiandika kwa kalamu ukutani, ipige picha.