Asilimia ya ufaulu ikipanda, je, somo limekuwa jepesi?

Wengi huamini kwamba somo lenye asilimia kubwa ya ufaulu ni jepesi, na asilimia hiyo ikizidi kupanda, basi mtihani umelegezwa. Imani hii inaeleweka: matokeo hutangazwa kwa asilimia, na asilimia haisemi ni nani walioketi kwenye chumba cha mtihani.

Hapo ndipo penye jambo. Somo la lazima hufanywa na wote, wanaolipenda na wasiolipenda. Somo la hiari hujichuja lenyewe, kwani wanaoona linawalemea huliacha mapema. Tuseme fizikia ilikuwa na watahiniwa 100, wakafaulu 50. Miaka kadhaa baadaye wamebaki watahiniwa 40, wanafaulu 32. Ufaulu umeruka kutoka asilimia 50 hadi 80, ilhali waliofaulu wamepungua kwa 18. Mtihani waweza kuwa na ugumu uleule, na walimu ni walewale.

Kinyume chake pia hutokea: somo likifunguliwa kwa wote, asilimia huweza kushuka huku idadi ya waliofaulu ikiongezeka. (Vichwa vya habari hupenda kuiita hali hiyo kuporomoka kwa elimu.)

Ukitaka kuhakiki mwenyewe, tafuta kwenye jedwali la matokeo safu ya idadi ya watahiniwa, ile ambayo wengi huiruka, uilinganishe na wanafunzi wote wa kidato hicho. Angalia pia kama mtaala au mipaka ya madaraja ilibadilishwa katikati. Mitihani huweza kulegezwa kweli, ila asilimia peke yake haitoshi kuonyesha hilo.