Hazina ya data za setilaiti ni nini?

Hazina ya data za setilaiti ni mfumo wa programu zinazopokea data kutoka vituo vya ardhini, kuzichakata, kuziorodhesha, kuzitunza kwa miaka mingi na kumpa kila mtumiaji kile anachohitaji. Wengi wetu huona mwisho wake tu: tovuti yenye ramani na kitufe cha kupakua. Lakini roho ya mfumo huo ni katalogi. Picha isiyoweza kutafutwa haimfai mtu, hata ikitunzwa vizuri namna gani.

Chukua setilaiti za Sentinel-2 za mpango wa Copernicus wa Ulaya. Jina la faili peke yake linasema mengi. S2B ni setilaiti iliyopiga picha. L2A maana yake athari za angahewa zimeshasahihishwa. Hufuata tarehe na saa, kisha alama ya eneo, ambayo kwa Dar es Salaam huanza na T37M. Saa hiyo ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa, iko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu, na anayelinganisha picha na vipimo vya mvua asipolikumbuka hilo atapotoka. Katalogi huongeza mipaka ya picha na asilimia ya mawingu, ndiyo maana unaweza kuomba picha za Usambara za mwezi Machi zenye mawingu chini ya asilimia 20. Hazina nyingi sasa huandika maelezo haya kwa utaratibu mmoja uitwao STAC, hivyo programu ile ile hutafuta kwenye hazina mbalimbali.

Utunzaji una kazi yake pia. Picha za zamani mara nyingi hukaa kwenye kanda za sumaku, ambazo ni nafuu, ila zinapaswa kunakiliwa upya kabla mashine za kuzisoma hazijatoweka.

Suala kubwa ni usambazaji, kwa kuwa hapo ndipo huamuliwa nani anufaike. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zilizoanza kupigwa mwaka 1972, hutunzwa na USGS, shirika la jiolojia la nchi hiyo, katika kituo cha EROS karibu na Sioux Falls, Marekani. Zamani ziliuzwa, picha moja ya Landsat 7 ilikuwa dola 600 hivi, na mwaka 2001, uliokuwa na mauzo makubwa kuliko yote, ziliuzwa takriban 25,000. Mwaka 2008 ikaamuliwa zitolewe bure kwenye intaneti, na baada ya hapo zaidi ya milioni moja zikapakuliwa kwa mwaka. Setilaiti zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni mlango.

Hata ikiwa bure, faili nzima ya Sentinel-2 inaweza kufika gigabaiti moja, na kwa anayenunua bando hiyo ni gharama kubwa. Hapa ndipo muundo wa faili uitwao COG unaposaidia. Ndani ya faili, picha imegawanywa katika vipande vidogo, na mwanzoni kuna faharasa inayoonyesha kila kipande kilipo. Programu husoma faharasa, kisha huomba vipande vinavyogusa eneo lako tu. Mashamba ya kilomita 5 kwa 5, pikseli moja ikiwakilisha mita 10 kwa 10, ni pikseli 500 kwa 500. Kujua hali ya mimea unahitaji mikanda miwili tu ya mwanga, nyekundu na infraredi ya karibu, yaani megabaiti chache. Mradi wa Digital Earth Africa umeweka picha za bara letu kwa muundo huu kwenye seva zilizoko Cape Town.

Utabiri wa hali ya hewa nao hauwezi kungoja mtu abofye. Setilaiti za Meteosat hutoa picha mpya ya Afrika kila baada ya dakika 10 hadi 15, na EUMETSAT, shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa, huzirusha kupitia setilaiti za mawasiliano kwa huduma iitwayo EUMETCast. Mamlaka ya hali ya hewa yenye dishi, kipokezi na kompyuta huzipata moja kwa moja, hata intaneti ikiwa imekatika.