Dawa za kibayolojia kwa vinyama vya puani

Vinyama vya puani vikikatwa, mara nyingi huota tena. Upasuaji huondoa vinyama, lakini uvimbe wa utando wa pua na sinasi (mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso) uliodumu zaidi ya wiki 12 unaweza kuendelea. Dawa za kibayolojia hulenga uvimbe huo.

Hizi ni kingamwili zinazotengenezwa maabara, kila moja ikiwa na shabaha yake. Wagonjwa wengi wa vinyama huwa na kinga ya mwili inayotoa kwa wingi kemikali ziitwazo intalukini 4, 5 na 13, ambazo huvutia seli nyeupe aina ya eosinofili hadi kwenye utando, nao ukavimba na kujaa maji. Dupilumabu huzuia intalukini 4 na 13 zisifanye kazi. Mepolizumabu hunasa ya 5. Omalizumabu hunasa kingamwili ya mzio, IgE.

Si kila pua iliyoziba inazihitaji. Mwongozo wa Ulaya wa EPOS, 2020, unamtaja mwenye vinyama pande zote mbili aliyekwisha kupasuliwa na ambaye pia ana angalau mambo matatu kati ya haya: vipimo vinavyoonyesha uvimbe wa aina hiyo, kuhitaji steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe) za kumeza mara mbili au zaidi kwa mwaka, dalili zinazovuruga sana maisha, kupoteza uwezo wa kunusa, au pumu. Kinyama cha upande mmoja ni habari nyingine kabisa: kichunguzwe kwanza, kwani huenda kikawa uvimbe wa aina nyingine, hata saratani. Mwenye minyoo naye hutibiwa kwanza, kabla ya kuanza dawa hizi.

Dupilumabu kwa mtu mzima ni miligramu 300 chini ya ngozi kila wiki mbili. Mepolizumabu ni 100 kila wiki nne. Dozi ya omalizumabu hupangwa kwa uzito na kiwango cha IgE, na za mwanzo hutolewa hospitalini kwa kuhofia mzio mkali. Kalamu ya dupilumabu ya miligramu 300 ikitoka kwenye friji iachwe dakika 45 ipoteze ubaridi yenyewe, bila kuitia kwenye maji moto wala kuitikisa. Choma pajani au tumboni, sentimita 5 kutoka kitovuni, ukibadilisha mahali kila mara. Macho mekundu yanayowasha yaripotiwe.

Kosa la kawaida ni kuacha dawa ya kupulizia na kuosha pua kwa maji ya chumvi mara tu uwezo wa kunusa unaporudi. Hizo zinaendelea, na steroidi za pumu hazikatwi ghafla. Sindano zenyewe zikisimamishwa, vinyama kwa wengi hurudi, kwa hiyo daktari hupima nafuu baada ya wiki 16 na tena baada ya mwaka, na asipoiona huisitisha dawa.