Majibu "chanya" ni habari njema au mbaya? Kwa wanafunzi wanaoelimisha kuhusu saratani ya mlango wa kizazi

Mwanafunzi wa chuo anayetoka Tabora mjini kwenda kuelimisha Urambo au Sikonge aliache neno "chanya" darasani. Kwa watu wengi chanya ni jambo jema: mama akiambiwa majibu yake ni chanya anaweza kushukuru, akaenda zake, matibabu akayakosa. Mwenzake aliyezoea lugha ya vipimo vya VVU ataondoka akilia kwamba ana kansa. Sema hivi: "Tumeona sehemu iliyobadilika. Bado si saratani, lakini ikiachwa inaweza kuja kuwa saratani."

Kisha eleza kipimo chenyewe, maana hofu nyingi ni ya kutojua kinachofanyika. Mhudumu huweka spekulamu, kifaa cha kupanulia uke, ili auone mlango wa kizazi, hupaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, halafu husubiri dakika moja. Chembe zilizobadilika zina protini nyingi. Asidi huigandisha na sehemu hiyo huonekana nyeupe. Maambukizi mengine nayo huweza kuleta weupe, ndiyo maana baka si hukumu. Mara nyingi hutibiwa pale pale kwa baridi kali au joto. Ukishataja siki, usisahau onyo: siki ya jikoni au ndimu isiingizwe ukeni kamwe. Inaunguza, na haitibu chochote. Kwa waliokoma hedhi, eneo linalotazamwa huwa limejivuta ndani, hivyo kipimo hiki hakiwafai sana. Kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, huwafaa zaidi.

Swali gumu litakuja: "Nani kaniletea?" Lijibu bila kuona haya. HPV huwapata watu wengi walioanza kujamiiana, na mara nyingi mwili hukiondoa ndani ya miaka 2. Kikibaki, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani. Mtoto aliyezaliwa mwaka kirusi kilipoingia angekuwa sekondari, au ameshaimaliza. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Kwa hiyo majibu ya leo hayamshitaki mume wala mke. Nyumba zimevunjika kwa kukosa sentensi hiyo moja.

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilibadilishwa kuwa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ndani yake mna ganda tupu la kirusi, lisilo na vinasaba, kwa hiyo haiwezi kuambukiza. Aina 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii, zote zinalengwa. Aliyechanjwa bado atahitaji kupimwa akifika miaka 30.

Picha za vidonda ziache chuoni. Anayetishwa hukwepa kituo. Ukimaliza, mwombe mama mmoja akueleze alichosikia, kwa Kinyamwezi kama ndicho kinachomtoka vizuri. Akisema "siki inatibu kansa", rudi kwenye ile dakika moja ya kusubiri, uanze upya.